Chemsha Bongo: Mwalimu Anajibu Barua Zenu

Barua zimejaa droo, na mhariri amenipa kurasa mbili nizipunguze. Kwa anayenisoma mara ya kwanza: mimi ni mwalimu mstaafu wa jiografia, nakaa Tanga, na fumbo la maneno la ukurasa wa nyuma nalitunga mwenyewe kwa penseli na karatasi ya grafu. Kompyuta anayo mhariri. Barua ndefu nimezifupisha, matusi nimeyaondoa.

*Shikamoo Mwalimu. Kila toleo naanza fumbo kwa kasi, halafu naishia nusu. Wenzangu wa bweni wanasema sina maarifa ya jumla. Nianzie wapi ili nimalize?*
*Mwanafunzi wa chuo, Mbeya*

Marahaba mwanangu. Hao wenzako wamalize wao kwanza ndipo waseme.

Fumbo letu tunaliita la maarifa ya jumla, lakini nusu ya kazi yake ni sarufi. Anayesoma kidokezo kama swali la mtihani hukwama, maana jibu ama analijua ama halijui. Anayekisoma kama sentensi ya Kiswahili anakuwa na herufi mbili tatu mkononi kabla jibu halijamjia.

Tuseme nimeandika: "Avuaye samaki", herufi 5. Hapo nimeuliza juu ya mtu na kazi yake. Mtu wa namna hiyo kwa kawaida huanza na M, na mara nyingi huishia na I: mpishi, mwandishi, mfinyanzi, msusi, mvuvi. Basi weka M chumba cha kwanza na I chumba cha mwisho, kwa mkono mwepesi. Nasema mwepesi kwa sababu wapo wakaidi. Mkulima na mwalimu hawaishii na I, na hao wenye majina yaliyokuja na merikebu, yaani nahodha, rubani, dereva na fundi, M hawana kabisa.

Nikiandika "Hali ya kukosa mwenza", tarajia U mwanzoni: UPWEKE. Nikiandika "Vya kuvaa miguuni", hiyo "vya" nimeiweka makusudi. Nimekupa VI bure, na kilichobaki ni ATU. Ningeandika "Cha kuvaa mguuni" ungejua ni kimoja. Kidokezo kikianza na kitenzi cha "ku", jibu nalo litaanza na KU. Kikiwa amri, jibu ni amri. Wengi wanaruka hayo maneno madogo wakikimbilia jina la nchi au la mto, kumbe herufi ziko kwenye "vya" na "cha".

Kisha tazama mwisho wa neno. Kiswahili hufunga na irabu. Ukiacha "rais" na wenzake wachache, pamoja na majina ya watu na miji ya ng'ambo, chumba cha mwisho ni moja ya herufi tano. Konsonanti nazo hazipendi kukaa jirani. Zikikaa, mara nyingi ama M au N imetangulia, ama W au Y imefuata, ama ni wale mapacha wa CH, SH, DH, TH, GH. Kwa hiyo ukiwa na B, na una hakika chumba kinachoitangulia si irabu, andika M. Ukiwa na D, Z au J, andika N. Utakosea mara moja moja, ndiyo kazi ya kifutio.

Na usianze na namba 1 kwa sababu tu ni namba 1. Pitia vidokezo vyote kwanza, tafuta kile ambacho ungeweza kukiapia, ikiwezekana kiwe katikati ya fumbo ambako kinakatwa na maneno mengi. Kona huwa ngumu, ziache zije zenyewe.

*Mwalimu, toleo lililopita uliuliza "Mji mkuu wa Burundi", herufi 6. Mimi ni mtu wa Kigoma, Burundi ni jirani yangu, na ramani ya wanangu ukutani imeandika Bujumbura. Haikuenea. Umetuchanganya.*
*Mama wa watoto wanne, Kigoma*

Dada yangu, ramani hiyo mpe mfanyabiashara wa vitumbua. Tangu mapema mwaka 2019 makao makuu ya kisiasa ya Burundi ni Gitega, kule katikati ya nchi. Bujumbura imebaki jiji la biashara, na ndiyo maana wewe wa Kigoma, unayeiona kwa upande wa ziwa na bidhaa, bado unaihesabu ndiyo yenyewe. Na herufi 6 zilikwisha kukuambia. Bujumbura ina 9. Ukikuta jina unalolijua halienei, usilaumu vyumba mara moja. Jiulize kama jina limehama.

Maana majina huhama. Nigeria ilitoka Lagos kwenda Abuja mwaka 1991. Wengi bado wanaandika Abidjan kwa Kodivaa, ilhali tangu 1983 ni Yamoussoukro. Sisi wenyewe uamuzi wa kuhamia Dodoma ulifanyika 1973, sheria yake ikaja 2018, na katikati hapo nimesahihisha madaftari mengi yenye majibu mawili kwa swali moja. Kazakhstan ndiyo imenitesa kuliko zote: mji wake mkuu uliitwa Astana, mwaka 2019 ukaitwa Nur-Sultan, mwaka 2022 ukarudi kuwa Astana. Nilikuwa na fumbo lililokwisha kuchorwa. Nililiweka kabatini, na waliporudisha jina nikalitoa.

Uswazi ni Eswatini tangu 2018. Wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki leo ni 8, Somalia ikiwa ya mwisho kuingia, mwaka 2024. Anayejibu 3 kwa kukumbuka Tanzania, Kenya na Uganda anajibu fumbo la utoto wangu.

*Habari Mwalimu. Umeandika "Kilele cha juu kabisa Afrika", herufi 5. Nimezaliwa chini ya mlima huo, jibu ni Kibo, herufi 4. Halafu "Ziwa lenye kina kirefu kuliko yote Afrika", nikaweka Viktoria, nafasi 2 zikabaki. Nani anakosea?*
*Mkazi wa Moshi*

Nzuri. Vyumba viko sawa. Kilimanjaro ina vilele vitatu: Shira, Mawenzi na Kibo. Kibo ndicho kikubwa, kweli, lakini juu ya ukingo wa Kibo kuna sehemu iliyo juu kuliko zote, mita 5,895, nayo inaitwa Uhuru. Herufi 5. Naona na Shira ina herufi 5, na najua wapo walioandika Shira. Hao U ya kwanza ilipaswa kuwazuia, kwa kuwa ilikuwa pia herufi ya kwanza ya UGALI kwenda chini, na sidhani kuna Mchaga aliyeshindwa hiyo.

Kuhusu ziwa, soma tena nilichouliza. Sikuuliza ukubwa. Viktoria ni kubwa kwa eneo, hakuna wa kuifikia Afrika, lakini ni sahani: pale penye kina zaidi ni kama mita 80 tu. Tanganyika ni ufa wa ardhi uliojaa maji, mita 1,470 kwenda chini, na duniani linatanguliwa na Baikal la Urusi peke yake. Kina, eneo na urefu ni vitu vitatu, na mtunzi yeyote mwenye akili atakuzungusha hapo. Kwa urefu pia ni Tanganyika, ukitaka kujua, zaidi ya kilomita 670 kutoka kaskazini hadi kusini.

*Mwalimu, kutafuta jibu kwenye simu ni wizi?*
*Kijana wa bodaboda, Bukoba*

Wizi hapana, maana humuibii mtu. Ila ukimwuliza mashine kidokezo chote kama nilivyokiandika, ikakupa neno, ukalinakili, sasa nani amejaza? Mimi naruhusu hivi: fumbo ukishaliacha kwa siku nzima na bado kuna mahali pamekataa, tafuta habari za jambo lenyewe. Soma juu ya mito ya Msumbiji, usiulize "mto wa Msumbiji herufi 7". Ukilipata kwa njia hiyo, Zambezi utaijua hadi uzee. Kijiweni, mkijaza kwa ushindani wa soda, simu zote mezani kifudifudi.

*Bi Mwalimu, mume wangu anajaza fumbo kwa kalamu ya wino. Akidhani ni hivi, anaandika. Mimi nikirudi sokoni nakuta ukurasa umepasuka kwa kufutwafutwa na kidole chenye mate. Tafadhali mseme, anakusoma.*
*Mke, Unguja*

Bwana, hujambo. Kalamu ya wino ni ya hati za mirathi.

Wewe mama nakushauri hivi: mgawane. Yeye achukue vidokezo vya kwenda kulia, wewe vya kwenda chini. Kila herufi yake italazimika kukutana na yako, na pale zitakapogombana ndipo mtakapokaa pamoja mzungumze. Nimeona ndoa zikinufaika. Au nunueni nakala mbili, jambo ambalo mhariri wangu angelifurahia.

*Mwalimu, sisi wa Kisumu tuna mambo mawili. NG'OMBE ni vyumba vingapi? Pili, "Mama wa mama yako" tulijaza NYANYA, nyinyi mkatoa BIBI.*
*Wasomaji wawili, Kisumu*

Vyumba 6. Katika ukurasa wangu kila herufi ina chumba chake, na ile alama ya juu ya NG' haihesabiwi wala haiandikwi. CH ni vyumba viwili, SH viwili. Wapo watunzi wanaoibana CH chumba kimoja kwa hoja kwamba ni sauti moja, na hoja yao si mbaya, ila mchapaji wangu angeacha kazi.

Kuhusu nyanya, vyumba vilikuwa 4. NYANYA ina 6. Mngeingizaje? Siku nikitaka nyanya nitaandika "Mama wa mama yako, au kiungo cha mchuzi", na hapo Tanga na Kisumu watajibu pamoja.

*Assalaam alaykum. Sisi wazee wenye asili ya Unguja hapa Maskati tunapelekeana fumbo lako kwa simu kila linapotoka, kisha jioni tunalinganisha. Juzi tumebishana nani aliyebuni mchezo huu. Mmoja anasema Waingereza, mwengine anasema ni Waarabu kwa sababu ya mafumbo. Tuamue.*
*Mzee, Maskati*

Waalaykum salaam, baba. Wote mna kipande.

Kufumbiana ni kwetu siku nyingi. Washairi wa Mombasa wa zama za Muyaka, karne ya 19, walikuwa wakirushiana beti zenye maana iliyofichwa na mwenzio anajibu kwa vina vilevile. Lakini hii ya vyumba, ya neno moja kulikata jingine, ina mwenyewe na ina tarehe. Aliitwa Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool aliyehamia Marekani, akafanya kazi katika gazeti la New York World. Toleo la Jumapili, tarehe 21 Desemba 1913, alichapisha la kwanza. Lilikuwa na umbo la almasi, tundu katikati, na halikuwa na vyumba vyeusi kama vyetu. Kwa hiyo aliyesema Mwingereza ameshinda, ingawa Mwingereza huyo alikuwa New York.

Likalala huko kama miaka 10. Mwaka 1924 wachapishaji wawili vijana wa New York, Simon na Schuster, wakatoa kitabu kizima cha mafumbo hayo na kila nakala ikifungwa penseli. Kikauzwa ajabu. Na hapa kuna jambo linalonichekesha kila nikilikumbuka: gazeti la New York Times mwaka huohuo liliyakejeli mafumbo kuwa upotezaji wa muda, na likakataa kuyachapisha. Likakaza shingo hadi Februari 1942, vita imepamba moto na watu wanahitaji kitu cha kuwatuliza usiku, likaanzisha la kwake. Leo ndilo linalosifika duniani kwa mchezo huohuo.

Kwa jioni yenu nawapa na hii. Mwezi Mei na mwanzoni mwa Juni 1944, fumbo la gazeti la Daily Telegraph la London lilitoa, moja baada ya jingine, majibu haya: Utah, Omaha, Overlord, Mulberry, Neptune. Yote yalikuwa majina ya siri ya mpango wa majeshi ya Uingereza, Marekani na wenzao kutua Normandy, Ufaransa, tarehe 6 Juni. Maofisa wa usalama wakamfuata mtunzi. Wakamkuta ni mwalimu mkuu wa shule, Leonard Dawe, wakamhoji wakamwacha. Miaka mingi baadaye mwanafunzi wake wa zamani alieleza kwamba mwalimu aliwapa wavulana kazi ya kumjazia maneno kwenye vyumba, naye maneno hayo aliyasikia kwa wanajeshi waliopiga kambi jirani na shule. Mwalimu akatafuta vidokezo tu. Wengine wanaitilia shaka habari hiyo. Mimi nimefundisha wavulana, naiamini.

*Mwalimu, kuna majibu naona yanarudi rudi. Oslo kila mara! Kuna sababu, au umeipenda Norway?*
*Muuguzi wa zamu ya usiku, Dodoma*

Norway sijafika, na baridi siiwezi. Sababu ni irabu. Maneno yetu mengi huanza na konsonanti: kitabu, meza, nyumba, samaki. Mtunzi anatafuta kwa tochi neno fupi linaloanza na irabu na kuishia na irabu, na Oslo ni hilo. Ndiyo maana unakutana pia na Abuja, Asmara, Eswatini, na kwa upande wa maneno ya nyumbani ini, uzi, uso, embe, ukuta, asali. Si mapenzi, ni shida.

Kuna na kundi la sarafu, ambalo halina gharama kulikariri wakati wagonjwa wamelala: pula ya Botswana, cedi ya Ghana, loti ya Lesotho, naira ya Nigeria, nakfa ya Eritrea, dalasi ya Gambia, kwanza ya Angola, ariary ya Madagaska. Birr ya Ethiopia ninaiweka pale tu nilipobanwa nitafute neno lifungalo na konsonanti. Vyumba viwili vitupu mara nyingi ni alama za kemia: Au ni dhahabu, Ag fedha, Fe chuma, Pb risasi, Hg zebaki. Na mto wa herufi 4 Afrika Mashariki mara nyingi ni Tana, Mara, Ruvu au Wami. Subiri herufi moja ndipo uchague.

Kitu usichokikuta kwangu ni "aina ya mti" au "aina ya samaki". Nakiona kwa watunzi wengine na damu inanichemka. Miti ni mingi mno. Kama ni mkoko, sema unaota kwenye maji ya chumvi. Kama ni changu, sema samaki wa miambani. Kidokezo kivivu kinamfanya msomaji ajione mjinga ilhali mjinga ni mwingine.

*Shikamoo Bibi. Nina miaka 14. Nimechoka kujaza, nataka kutunga. Nimejaribu kuchora ila maneno hayakutani. Nifanyeje?*
*Msichana, Morogoro*

Marahaba mjukuu wangu, barua yako ndiyo iliyonifanya niombe kurasa mbili.

Umeanza na karatasi kubwa, naliona hilo bila kuliona. Anza na vyumba 5 kwa 5, na vyumba vyeusi 4 tu. Tazama hili nililolitunga jana barazani, chai haijapoa:

A S A L I
M ■ N ■ M
A M A N A
N ■ S ■ N
I L A N I

Kwenda kulia kuna asali, amana na ilani. Kwenda chini kuna amani, anasa na imani. Maneno 6, hakuna hata moja la kulazimisha. Geuza gazeti juu chini: weusi wamekaa palepale. Hiyo ni desturi ya mafumbo mazuri, umbo lisibadilike ukiligeuza, na ukiifuata tangu mwanzo jicho lako litanyooka.

Sasa angalia vile vyumba 9 ambavyo maneno yanakutana. Vyote ni irabu. Nimefanikiwa kwa sababu nilichagua maneno yanayoanza na irabu na kupokezana: irabu, konsonanti, irabu, konsonanti, irabu. Wewe naamini uliweka KALAMU juu, ukaweka neno jingine chini yake mara moja, bila mstari wenye weusi kati yao, na ukajikuta unatafuta neno la kushuka lenye konsonanti mbili zilizofuatana kisha irabu mbili zilizofuatana. Halipo, au lipo moja na hulijui. Kwa Kiswahili lazima uwape maneno nafasi ya kupumua, ndiyo maana mafumbo yetu yana weusi wengi.

Lakini fumbo langu hilo dogo lina kasoro niliyoiacha ili uione. Aliyejaza ASALI tu, akatazama neno la kwanza kwenda chini, ana A. Hata akipata zote tatu, A, A na I, bado yuko gizani: amani, ajali, ahadi, awali, amali, na asali yenyewe, zote zinaenea. Irabu hazimwambii kitu, kwa sababu kila neno la Kiswahili limejaa irabu. Konsonanti ndizo zinazosema. Kwa hiyo unapopanda hadi vyumba 7 kwa 7, changanya. Neno kama KITABU likikatwa chumba cha 1, 3 na 5 linamwachia mjazaji K, T na B, na kwa hizo tatu anakaribia kulisoma. Kila kona ya fumbo ipe angalau konsonanti mbili za kukutania. Hapo mjazaji atakushukuru hata kama hajui kwa nini.

Ukishakuwa na maneno, ndipo vidokezo, na hapo usiharakishe kuliko pengine popote. Amani na imani zimetofautiana herufi moja, basi vidokezo vyake visikaribiane hata kidogo. Kwa imani niliandika "Nguzo zake ni sita", kwa kuwa nguzo tano ni za Uislamu na sita ni za imani, na mtoto wa madrasa hapotei hapo. Kwa amani, "Hutafutwa vita ikichosha". Amana ni "Mali ya mwenzio uliyopewa uitunze". Ilani ni "Chama huitoa kabla ya uchaguzi". Anasa nilihangaika nayo kidogo, mwisho nikaandika "Starehe iliyopita kiasi", na asali nikaipa "Hutoka mzingani", maana "tamu" peke yake ingeweza kuwa sukari, miwa, hata maneno ya mchumba.

Kila jibu la jina la mahali au mwaka, lithibitishe kwenye atlasi au kitabu cha karibuni, kisha weka tarehe uliyolithibitisha pembeni ya karatasi. Neno usiliweke mara mbili kwenye fumbo moja. Q na X zisahau, hazimo kwenye abjadi yetu. Na ukikwama kona moja usiing'ang'anie. Futa maneno mawili yanayoingia kwenye kona hiyo, si moja, maana ukifuta moja unarudi na kosa lilelile.

Likiwa tayari, nitumie fumbo kwenye karatasi moja na majibu kwenye nyingine, uifunge hiyo ya pili kwenye bahasha ndogo. Nitajaza kwanza, ndipo niifungue. Nikishindwa kidokezo kwa sababu ni kigumu, nitakipa alama. Nikishindwa kwa sababu hakieleweki, nitakurudishia ukiandike upya, na jina la Morogoro litatokea ukurasa wa nyuma siku kitakapoeleweka.